Hundi ya Narsinh Mehta

Ndugu zangu, sisi watu wa Unguja Baniani tulimjua kwa duka na daftari lake. Hata methali yetu yamtaja kwa kiatu chake kilicho dawa. Ibada yake hatukuiuliza, ingawa kengele za hekalu lao Mji Mkongwe tulizisikia. Wengi wao asili yao ni Kutch na Gujarat, na huko Gujarat ndiko alikoishi mtu ninayetaka watoto wetu wamjue.

Narsinh Mehta aliishi Junagadh katika karne ya 15. Alikuwa Brahmin wa jamii ya Nagar, watu wa elimu na cheo. Yeye alishika njia iitwayo bhakti, yaani kumpenda Mungu kwa moyo wote pasipo kutaka malipo, akatunga nyimbo za kumsifu Krishna kwa Kigujarati, lugha ya kila mtu.

Yasimuliwa kwamba watu wa tabaka la chini kabisa, ambao wengine waliogopa hata kuwagusa, walimwomba akawaimbie. Akenda, akaimba nao usiku kucha. Jamaa zake wakamtenga kwa ajili hiyo, naye hakujuta.

Kisa chake mashuhuri ni cha hundi, neno ambalo limo hata katika Kiswahili chetu. Mahujaji waliokuwa wakienda Dwarka waliogopa kubeba fedha njiani, wakatafuta tajiri wa kuwaandikia hundi. Watu wa mzaha wakawapeleka kwa Narsinh, maskini asiye na kitu. Akapokea rupia 700, akaandika hundi ilipwe na Shamalsha, jina ambalo kwake lilikuwa la Krishna, na fedha akazitoa sadaka. Huko Dwarka hakuna aliyemjua tajiri huyo, mpaka akatokea mtu mgeni akailipa yote. Katika karne ya 17 mshairi Premanand alikitungia utenzi kisa hiki. Na wimbo mmoja wa Narsinh, "Vaishnav Jan To", uliimbwa katika sala za Gandhi, naye pia Mgujarati.

Basi daftari la dukani tuliliona. Hilo la pili, lisilo na deni wala faida, hatukuliona. Leo sisi nasi tu wageni ughaibuni, na majirani hutujua kwa kazi zetu tu. Tuwafanyie jambo ambalo hatukumfanyia Baniani: tuwaulize wanampendaje Mungu wao.