Muhogo wa Amani na Utafiti Uliotunzwa Mashambani

Kituo cha Amani, kilicho katika milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, kilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Ujerumani mwaka 1902 kikiwa taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo, na waanzilishi wake waliiga mfano wa bustani ya mimea ya Buitenzorg kisiwani Java, ambayo Waholanzi waliitumia kujaribia mazao ya biashara kabla ya kuyapeleka mashambani. Walipanda kahawa, mpira, viungo, miti ya mbao na mikwinini, yaani miti ambayo gome lake hutoa dawa ya kwinini ya kutibu malaria. Mpaka leo miti iliyoletwa kutoka Asia na Amerika ya Kusini imesimama pale, mingine ikiwa imeingia ndani ya msitu wa asili. Vitabu vingi huisifu Amani kwa miti hiyo. Hata hivyo, kazi ya Amani iliyofika katika vyungu vya watu wengi kuliko nyingine zote ilihusu zao ambalo halikuwa miongoni mwa mazao yaliyotarajiwa kuiletea serikali ile faida, kwa kuwa lilikuwa chakula cha wenyeji, nalo ni muhogo.

Muhogo wenyewe ni mgeni katika Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, ambako Wareno waliuchukua na kuuleta katika pwani ya magharibi ya bara hili katika karne ya 16, na upande wa Bahari ya Hindi ukaenea zaidi katika karne ya 18. Ulikubalika haraka kwa sababu huvumilia ukame na ardhi iliyochoka, na kwa sababu mizizi yake yaweza kuachwa ardhini kwa miezi mingi bila kuoza, ikawa akiba ya siku ya njaa. Ugonjwa uliokuja kuusumbua kuliko yote, yaani batobato, ambao huyatia majani mabaka ya njano, ukayakunja na kuyadumaza, uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Mjerumani Otto Warburg, kutokana na mihogo ya huko huko Usambara. Mwaka 1906 Albrecht Zimmermann, mtaalamu wa mimea wa Amani ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wake, aliuchunguza na kukisia kwamba unasababishwa na virusi, yaani vimelea vidogo mno visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, ambavyo sayansi ya wakati ule ilikuwa imeanza tu kuvitambua. Kisio lake lilikuwa sahihi, ingawa ilichukua miongo mingi kulithibitisha. Batobato ya Afrika haipatikani Amerika ya Kusini, kwa hiyo wataalamu huamini kwamba virusi vyake vilikuwa vikiishi katika mimea ya pori ya bara hili, vikauvamia muhogo ulipofika.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 na koloni lile likatengwa na Ulaya, kituo kiligeuka karakana ya kutengeneza bidhaa zilizoadimika, ikiwemo kwinini ya askari wa Paul von Lettow-Vorbeck iliyotokana na mikwinini ya pale pale, hadi Waingereza walipokiteka mwaka 1916. Baada ya hapo kilizorota kwa muda mrefu, kikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kikiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki.

Miongoni mwa walioajiriwa katika awamu hiyo alikuwa Harold Storey, aliyefika mwaka 1928 akitokea Afrika Kusini, na ambaye huhesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa elimu ya virusi vya mimea katika Afrika. Kabla ya kuugeukia muhogo alikuwa amejishughulisha na ugonjwa wa milia ya mahindi, ambao huenezwa na kidudu kidogo kinachoruka na kufyonza utomvu wa majani. Aligundua kwamba uwezo wa kueneza virusi hurithiwa, kwa maana kwamba ndani ya jamii ile ile ya wadudu wamo wanaoweza kuambukiza mmea na wamo wasioweza kabisa, hata wakishiba utomvu wenye virusi. Kisha alifanya jaribio la ustadi wa hali ya juu: aliutoboa kwa ncha nyembamba utumbo wa kidudu kisichoweza kuambukiza, naye akaona kwamba baada ya kutobolewa kidudu kile kilianza kueneza ugonjwa. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1933, yalionyesha kwamba kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo, na kwamba virusi havibebwi mdomoni tu bali hupita ndani ya mwili wa mdudu kabla ya kuingia katika mmea mwingine. Kwa chumba cha maabara kilichozungukwa na msitu, mbali na vyuo vikuu vyote, ugunduzi huo si haba.

Katikati ya miaka ya 1930 Storey na mwenzake R. F. W. Nichols waliianza kazi ya muhogo. Walithibitisha kwamba batobato huenezwa na inzi weupe, wadudu wa takriban milimita moja wanaokaa upande wa chini wa majani, na pia kwa pingili, yaani vipande vya shina ambavyo mkulima huvipanda kama mbegu na ambavyo hubeba virusi kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Walikusanya aina za mihogo kutoka nchi mbalimbali na kuziacha ziugue, ili zijulikane zinazostahimili. Nyingi hazikufaa. Hapo ndipo walipouendea mti wa jamaa ya muhogo uliokuwa umeletwa na Wajerumani kutoka Brazili kwa ajili ya utomvu wake wa mpira, na ambao ulibaki mashambani na mipakani mwa viwanja baada ya biashara ya mpira wa aina hiyo kuanguka. Watu wa Tanga na wa pwani kwa jumla wanaufahamu mti huo vizuri, kwa kuwa majani yake ndiyo kisamvu cha mpira. Mizizi yake haiko kama ya muhogo wa kula, lakini mti wenyewe haukudhurika sana na batobato, na chavua yake inakubaliana na ua la muhogo.

Kuuoanisha muhogo ni kazi ya mkono na ya subira. Katika shada moja la maua, maua ya kike hukaa chini na kufunguka kwanza, na yale ya kiume hufunguka siku kadhaa baadaye, kwa hiyo mtafiti huhitaji mimea miwili iliyo katika hatua tofauti, huyafunika maua ya kike kwa mifuko ya kitambaa kabla hayajafunguka ili nyuki wasimtangulie, hupaka chavua kwa mkono, halafu hulifunga tena ua na kusubiri tunda. Kila tunda hutoa mbegu tatu tu kwa kawaida, na tunda likikauka hupasuka na kuzirusha mbali, ndiyo maana hufunikwa tena kabla halijakomaa. Watoto wa kwanza wa ndoa hiyo ya muhogo na mti wa mpira walistahimili ugonjwa lakini mizizi yao ilikuwa duni, wakalazimika kuoanishwa na muhogo wa kawaida mara ya pili, ya tatu na hata ya nne, kila mara wakichaguliwa wachache waliounganisha afya na mavuno. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 10, na wengi walioifanya kwa mikono walikuwa vibarua na wasaidizi Waafrika ambao makala za kisayansi za wakati ule hazikutaja majina yao. Hilo ni pengo ambalo historia ya Amani haina budi kulikiri.

Katika miaka hiyo hiyo Storey aliueleza ugonjwa wa pili, ambao katika taarifa ya mwaka 1936 aliutofautisha na batobato, na ambao leo huitwa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu ni wa hila. Shamba linaweza kuonekana lina afya, majani yakiwa na rangi ya njano kidogo tu kandokando ya mishipa, tena hasa yale ya chini ambayo hata hivyo huzeeka na kupukutika, na mkulima asijue lolote hadi siku ya kuvuna, anapokata mzizi na kukuta nyama yake nyeupe imeingiwa na madoa ya kahawia, makavu na magumu, yasiyopikika wala kukaushwa kuwa makopa. Nichols aliandika mwaka 1950 kwamba ugonjwa huo ulikaa katika nyanda za chini za pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa, na haukuonekana kuenea katika sehemu za juu. Maelezo hayo yalikubalika kwa zaidi ya nusu karne.

Utafiti wa kilimo wa eneo zima ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, majengo ya Amani yakapewa watafiti wa malaria, na kazi ya kuzalisha mihogo ikakoma mwaka 1957. Kwa desturi ya taasisi, mradi ukifungwa na watu wake wakiondoka, matunda yake hupotea. Mihogo ya Amani haikupotea, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba mbegu zake zilipelekwa Nijeria katika miaka ya 1950, zikatoa mmea uliopewa namba 58308, na mmea huo, ulipofika mikononi mwa watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki (IITA) mjini Ibadan katika miaka ya 1970, ukawa mzazi wa mihogo iliyosambazwa katika nchi nyingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali iliyoanzia Uganda iliteketeza mashamba hadi kanda ya Ziwa Viktoria yote, na mwaka 1997 watafiti wakatambua kwamba ililetwa na kirusi kipya kilichotokana na virusi viwili kubadilishana vipande vya vinasaba. Aina zilizorudisha chakula shambani zilikuwa wajukuu wa Amani waliorejea Afrika Mashariki kwa njia ya Ibadan. Haki inataka isemwe pia kwamba Amani haikuwa chimbuko pekee la ukinzani, kwa kuwa ukinzani mwingine wa batobato ulipatikana katika mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi, na kinasaba chake kilitambuliwa mwaka 2022.

Sababu ya pili ni wakulima wenyewe. Baadhi ya pingili za Amani ziliingia mashambani kimyakimya, zikapokezanwa kati ya majirani na ndugu, zikapoteza namba za kitaalamu na kupata majina mengine. Aina inayoitwa Kaleso katika pwani ya Kenya na ile inayoitwa Namikonga kusini mwa Tanzania zimeonekana katika uchunguzi wa vinasaba kuwa mmea mmoja, mzao wa Amani. Umuhimu wake ulidhihirika baada ya mwaka 2004, michirizi ya kahawia ilipojitokeza katika Uganda ya kati, kwenye miinuko ambako Nichols hakuikuta, ikaiharibu hata mihogo iliyokuwa imeishinda batobato. Watafiti walipotafuta mmea wenye ukinzani wa kuaminika, walikwenda kuuchukua kwa wakulima wa kusini. Waliuoanisha Namikonga na Albert, aina ya kienyeji inayougua haraka, wakawapanda watoto wao katika mashamba ya majaribio ya Naliendele mkoani Mtwara na Chambezi karibu na Bagamoyo, na mwaka 2017 wakachapisha sehemu za kromosomu zinazohusika na ukinzani huo. Kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, na muhogo una jozi 18.

Wakati huo kompyuta ilikuwa imekwisha kuwa chombo cha lazima, kwa sababu maelezo ya urithi wa muhogo yana herufi zaidi ya milioni 700, na kuyalinganisha kati ya mamia ya mimea ni hesabu isiyowezekana kwa mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Nature Biotechnology ulionyesha kwamba mihogo mingi ya Afrika imebeba vipande vikubwa vya vinasaba vya mti wa mpira, hasa katika kromosomu ya 1 na ya 4, na asili yake ikafuatiliwa hadi Amani. Utafiti mwingine wa mwaka 2019 ulibaini kwamba vipande hivyo vinahusiana na sifa nyingine muhimu za zao, ukiwemo wingi wa wanga mkavu mzizini, na kwamba mara nyingi mmea hubeba nakala moja badala ya mbili, dalili kwamba faida yake inaandamana na madhara fulani.

Utambuzi wa ugonjwa nao umebadilika. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyofunzwa kwa maelfu ya picha za majani ya muhogo, zikiwemo zilizopigwa karibu na Bagamoyo, humwonyesha mkulima ugonjwa bila kuhitaji intaneti, na mashine ndogo ya kusoma vinasaba imewawezesha watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda kutambua kirusi wakiwa shambani, ndani ya saa chache. Vyombo hivi vinastahili sifa, lakini visipewe zaidi ya uwezo wake, maana simu huliona jani tu, ilhali michirizi ya kahawia hufanya uharibifu wake mkubwa chini ya udongo.

Kwa hiyo, watafiti wanaokwenda vijijini na simu na mashine hizo waandike pia jina la aina ya muhogo waliyoonyeshwa, kijiji ilikotoka na mkulima aliyewapa pingili, iwapo ameridhia, na majina hayo yachapishwe pamoja na matokeo. Wasaidizi wa Amani hawakufanyiwa hivyo, na sasa haiwezekani tena kuwatambua wote.