Wageni Sita, Sufuria Moja: Historia Fupi ya Kula Kilombero

Wenzetu Ulaya wana starehe moja ambayo sisi bado hatujaishtukia. Wanajikusanya watu sita au wanane, wanakwenda shamba, wanakula chakula cha wenyeji na kuonja mvinyo kwa mwenye mizabibu mwenyewe. Simba hawana habari naye. Wajerumani wana barabara kabisa ya shughuli hiyo, Deutsche Weinstraße, kilometa 85, iliyofunguliwa 1935 baada ya mvinyo wa mavuno ya 1934 kukosa soko.

Ndugu zangu, mimi nasema hata Katindiuka inawezekana. Kwa asiyepafahamu, ni kata ya mji wetu wa Ifakara. Zabibu hatuna, hizo tuwaachie Dodoma. Tuna mchele unaonukia kabla sufuria halijafunuliwa, tuna kambale na perege wa Mto Kilombero, na togwa ya kushushia. Mchele wenyewe umetembea kuliko sisi: kule Karonga, kaskazini mwa Malawi, wanalima mchele wanaouita Kilombero, na unauzwa mpaka Scotland!

Lakini tusikimbilie kushangilia. Tuiulize historia kwanza, maana upande huu umeshapokea wageni wengi waliokuja kula, na shida ilikuwa idadi yao.

Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti wa miaka 21, alipita nchi ya Mahenge akielekea Ziwa Nyasa na msafara wa watu wapatao 150. Piga hesabu mwenyewe. Vinywa 150, asubuhi na jioni, kwenye kijiji cha kaya chache. Hata mgeni akilipa kwa vitambaa, vitambaa havipikwi.

Ikaja Maji Maji. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Kipogoro na Kimbunga walilivamia boma la Mahenge. Wajerumani walijibu kwa risasi, kisha kwa moto: mashamba na maghala ya kusini yakachomwa. Njaa iliua wengi kuliko bunduki. Wapo wanahistoria wanaotaja vifo hadi 300,000. Na hao ndio wenye barabara ya mvinyo, ona mambo ya dunia.

Vita Kuu ya kwanza haikuleta nafuu. Mahenge ikawa ngome ya Wajerumani, na jeshi halilimi. Wabelgiji waliiteka tarehe 9 Oktoba 1917. Kamanda Theodor Tafel alikimbilia kusini na kikosi chake, na mwishoni mwa Novemba akasalimu amri kwa sababu chakula kilikuwa kimekwisha. Kwa Kijerumani Tafel ni ubao, na pia ni meza iliyoandaliwa chakula. Meza ilikuwa tupu.

Sasa watazame Wandamba, wenye mto wao. Usafiri wao wa asili ni mtumbwi wa gogo. Mtumbwi haubebi kikosi. Unabeba watu wachache, mpunga kidogo na samaki. Wageni wa namna hiyo wakifika, mama anaongeza kibaba kimoja sufuriani, basi, maisha yanaendelea. Kumbe utalii wa vikundi vidogo haukuanzia Ulaya!

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu mlango umefunguka. Tangu 2018 kuna daraja la mita 384 mahali palipokuwa na kivuko, na wageni watakuja. Na bonde hili halilishi wageni tu. Ni ardhi oevu iliyoandikishwa Ramsar mwaka 2002, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yanatoka huku. Tukililimia kila kipande ili tulishe mabasi ya wageni, samaki watatangulia kuondoka.

Kwa hiyo waje sita, si sitini. Wale kinachopikwa siku hiyo, na mama aliyepika alipwe mkononi. Mwaka wa mavuno mabaya wasije kabisa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msiwaite wachoyo. Walikuwa wamelichungulia ghala.