Masharti ya Ziwa: Imani za Tanganyika na Dini za Gemu

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akikaribia Ujiji kumtafuta Livingstone, alisikia mngurumo wa mbali kama radi. Akaambiwa ni Kabogo, mlima ulio ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wenye mapango ambamo maji huingia kwa kishindo. Mitumbwi mingi ilikuwa imepotelea pale. Kwa hiyo Waarabu na wenyeji walipopita walitupa majini vitambaa vya merikani na kaniki, na hasa shanga nyeupe, ili kumridhisha mulungu wa ziwa. Aliyetoa, ilisemekana, alipita salama; aliyefumba mkono alizama.

Mchezaji wa gemu za mikakati atauelewa mpango huo mara moja: kuna njia, kuna hatari, kuna gharama, na kuna mwenye mamlaka juu ya maji. Wabunifu wa gemu hizo wamechota katika ngano na mizimu ya mataifa kwa miaka takriban 50 sasa. Lakini kutoka upande wetu wa Maziwa Makuu wamechukua majina, wakayaacha masharti, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa imani zenyewe.

Safari ilianzia mezani, kabla ya kompyuta kuenea majumbani. Mwaka 1975 Mmarekani Greg Stafford alitoa White Bear and Red Moon, mchezo wa vita wa kuchezwa ubaoni, ndani ya Glorantha, dunia aliyoanza kuibuni mwaka 1966. Stafford alizama katika visasili vya kale, na dini zake za kubuni zilikuwa na uzito kwa sababu kila mungu alikuwa na kisa, na kila kisa kilimdai mwumini wajibu. Mwaka 1999 dunia hiyo ilizaa King of Dragon Pass. Humo mchezaji huongoza ukoo wa wafugaji, hutoa ng'ombe sadaka, na huigiza upya matendo ya miungu. Asiyekijua kisa barabara hurudi na hasara. Mtu wa uwanda wa Rusizi, ambako ng'ombe ni mahari na heshima, hangejiona mgeni humo.

Gemu kubwa za soko zilishika njia nyingine. Civilization IV ya mwaka 2005 ilikuwa na dini 7 mashuhuri, zote zikiwa na nguvu sawa, na hakuna hata moja iliyokuwa dini ya jadi ya Afrika. Kiswahili kiliingia kwa wimbo: "Baba Yetu" wa Christopher Tin, wenye maneno ya Sala ya Bwana, ulioshinda tuzo ya Grammy mwaka 2011. Mwaka 2016 Civilization VI ilileta ufalme wa Kongo chini ya Mvemba a Nzinga, mfalme Mkristo wa karne ya 16, na kuuwekea sharti kwamba hauwezi kuanzisha dini yake. Historia inasema vingine. Mwaka 1921, katika nchi hiyohiyo ya Wakongo, Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa huko Nkamba. Wabelgiji walimfunga hadi kifo chake mwaka 1951 huko Elisabethville, lakini kanisa lake lilikua, na mwaka 1969 likapokewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni.

Europa Universalis IV, iliyotolewa na Paradox ya Uswidi mwaka 2013, ilisogea karibu nasi zaidi. Inazikusanya imani nyingi za Afrika katika kapu moja la "ufetishi", kisha inampa mtawala mpya nafasi ya kuchagua ibada. Mojawapo ni ya Cwezi, yaani Bachwezi, watawala wa Kitara katika masimulizi ya kale. Ibada za aina hiyo zilienea kusini kwa jina la kubandwa: Rwanda na kwa Bashi wa Kivu wakimtukuza Ryangombe, Burundi wakimtukuza Kiranga. Ryangombe alikaidi onyo la mama yake, akaenda kuwinda, akapigwa pembe na nyati, akafia kwenye mti wa umuko wenye maua mekundu. Tangu hapo Mhutu, Mtutsi na Mtwa waliweza kuingizwa katika undugu wake. Mfalme wa Rwanda mwenyewe hakuingizwa. Barazani pake palikuwa na mkuu mwingine wa imandwa, yaani wa walioingizwa katika ibada hiyo. Gemu inamwachia mtawala achague ibada ya nchi, ilhali ibada hii ilikuwa na mlango ambao mwenye ngoma ya enzi hakuuvuka.

Masharti ya namna hiyo yalionekana pia Uvira, mashariki mwa Kongo, katika karne ya 20. Mei 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, wakiwa na dawa waliyoamini kwamba hugeuza risasi kuwa maji, kama wafuasi wa Kinjikitile Ngwale walivyoamini katika Maji Maji ya mwaka 1905. Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma Aprili 1965 kuungana na wapiganaji wa Fizi, aliandika miiko ya dawa hiyo: mpiganaji asichukue kisicho chake, asimguse mwanamke, asiogope. Aliyeuawa alihesabiwa kuwa amevunja mwiko, kwa hiyo dawa haikulaumiwa. Hiyo ni dini yenye kanuni, adhabu na maelezo ya kushindwa. Pia iligharimu maisha ya vijana wengi, na mbunifu mwadilifu hana budi kuionyesha gharama hiyo.

Basi kasoro ya gemu hizi haiko katika kubuni, bali katika kuyaacha masharti, ambayo hupatikana pale visa vinaporekodiwa. Utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, wenye Mukiti nyoka mtawala wa maji na Nkuba wa radi, ulinakiliwa mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Candi Rureke, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Bila kazi hiyo ungebaki vijijini Walikale tu. Visa vya wavuvi wa Kalundu, bandari ya Uvira, na vya Wavira, Wafuliiru na Wabembe, vinastahili bidii ileile. Vijana wa Uvira na Bujumbura mnaojifunza kuandika programu, nendeni kwa wazee mkawarekodi sasa. Waulizeni jina la mzimu, kisha waulizeni swali lililo kubwa zaidi: unataka nini, unakataza nini, na nani hana ruhusa ya kuukaribia. Dini ya gemu itakayojengwa juu ya majibu hayo itakuwa ya kwetu kweli.