Usawa na Ubora wa Tiba: Funzo la Zahanati za Vijijini

Katika madarasa yetu ya siasa swali hili halikosekani: taifa maskini lichague lipi, tiba kwa wote au tiba bora? Wako wanaodai kwamba usawa huzaa huduma duni. Wako pia makada wanaodhani kwamba mwananchi anayedai ubora ana kasumba za kibepari. Sisi tunasema pande zote mbili zimekosea, na ushahidi umo katika historia yetu wenyewe.

Tuanze na ukoloni. Mjini Dar es Salaam Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Waasia walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji. Waingereza nao waliendeleza ubaguzi huo. Ubora ulikuwapo, lakini ulikuwa mali ya wachache. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu, na vituo vya afya vijijini 22.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liligeuza mwelekeo. Mpango wa Pili wa Maendeleo, 1969–1974, uliweka mbele vituo vya afya na zahanati za vijijini badala ya hospitali kubwa za mijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walijadili malaria na maji safi, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Mwaka 1977 tiba ya kibiashara ilipigwa marufuku. Kufikia mwaka 1980 vituo vya afya vilikuwa 239. Huo ni ushindi wa wanyonge, na hatuna budi kuulinda dhidi ya wanaoubeza.

Lakini mwanamapinduzi hafichi upungufu. Vita ya Kagera, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliudhoofisha uchumi, na dawa zikaadimika. Mama mwenye mtoto anayeungua kwa homa aliipita zahanati ya kijiji iliyokosa klorokwini, akatembea hadi hospitali ya misheni. Baadhi yetu tulimwona hajaelimika kisiasa. Hilo lilikuwa kosa. Mama yule hakuukataa usawa. Aliukataa usawa wa rafu tupu. Aliyehitaji kuelimishwa ni kada, si yeye.

Uthibitisho ni huu: kuanzia miaka ya 1983 na 1984, Mpango wa Dawa Muhimu ulianza kupeleka makasha ya dawa vijijini. Palipokuwa na dawa, watu hawakuhitaji kuhubiriwa ili waende zahanati.

Je, soko lingetuokoa? Sheria iliruhusu tena tiba ya kibiashara mwaka 1991, na mwaka 1993 uchangiaji ulianza katika hospitali za serikali. Wananchi wengi, waliochoshwa na uhaba, walikuwa tayari kulipa ili mradi dawa ipatikane. Lakini asiye na kitu alibaki nyumbani na ugonjwa wake, na misamaha iliyoandikwa kwa ajili yake mara nyingi haikumfikia. Ubora ukaanza kurudi kuwa mali ya wachache. Hata Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996, ulitupa funzo lile lile: miongoni mwa sababu za wananchi kutojiunga ilikuwa huduma duni. Nani achangie zahanati isiyo na dawa?

Kwa hiyo usawa na ubora si maadui. Usawa usio na ubora hupoteza imani ya umma, na umma ukikosa imani wenye uwezo hujitenga, wakawaachia wanyonge zahanati zisizo na mtetezi. Ubora usio na usawa ni Ocean Road ya mkoloni iliyobadilisha rangi tu.

Leo tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ni hatua kubwa, lakini kadi haitibu malaria. Kazi ya kada si kuhesabu kadi tu. Aingie zahanati ya kijiji chake, aangalie rafu, aulize mganga yuko wapi, na awasikilize wanaokaa kwenye benchi. Akiambiwa wenzao wameipita zahanati, asiwalaumu. Aulize kwa nini, kisha apeleke jibu kwenye kikao.