Intaneti ikikatika, simu mbili zinaongeaje bila seva?

Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika. Intaneti ikaanza kusuasua Tanzania, Kenya na kwa majirani.

Ukiwa Shelui, pale chini ya mlima Sekenke, ukamtumia WhatsApp jirani wa duka la pili, ujumbe hauendi moja kwa moja. Unapita kwenye mnara, unakwenda kwenye seva za kampuni nje ya nchi, ndipo unarudi Shelui. Njia ikikatika huko baharini, mnaonana kwa macho lakini hewani hampatani.

Simu kwa simu inawezekana, na wengi mnaifanya kila siku. Xender na Quick Share zinaigeuza simu moja kuwa kama mnara mdogo, ya pili inajiunga, video inarushwa bila kula bando. Bluetooth nayo ni hivyo hivyo, ila ya taratibu na haivuki sana mita 10.

Mpo mbalimbali? Hapo kazi ipo. BitTorrent, ya Bram Cohen tangu 2001, mwanzoni ilitegemea seva ya kuuliza "nani ana faili hili?" Kuanzia 2005 kila kompyuta ikaanza kutunza anwani za wenzake wachache. Ni kama kumtafuta mtu mnadani: unayemuuliza hamjui, ila anakuelekeza kwa anayeweza kumjua. Lazima tu umpate mmoja wa kuanzia, na intaneti iwepo.

Kwa ujumbe ipo Briar ya Android. Mnakutana, mnaskani kodi ya QR, kisha mnachati kwa Bluetooth au Wi-Fi. Bitchat ya 2025 inapokezana ujumbe simu hadi simu, mpaka mara 7. Stendi au gulioni sawa. Kuelekea machimboni, kama njiani hakuna mwenye programu hiyo, umekwama. Pakua mapema, bando likiwepo.

Pesa ni habari nyingine. Salio la M-Pesa linatunzwa na kampuni, si na simu yako, hivyo hairushwi kwa Bluetooth. Ila menyu ya *150*00# haihitaji intaneti, mnara tu.

Na ukirushiwa programu na usiyemjua, kataa. Virusi navyo havihitaji seva.