Si kila joto la usiku ni malaria: hedhi inapokaribia kukoma

Mara ya kwanza niliamka saa nane za usiku, leso imelowa, mto umelowa, moyo wanienda mbio. Joto la Marafa mnalijua, anayeishi karibu na Nyari hahitaji kuelezwa. Lakini usiku ule baba watoto alikuwa kando yangu amejifunika shuka mpaka shingoni. Asubuhi nikajiambia hii ni malaria. Nikaenda duka la dawa, nikanunua dozi, nikameza siku tatu. Baada ya wiki mbili hali ikarudi, nikanunua nyingine. Nilipokuwa naitafuta ya tatu, jirani yetu mmoja ambaye ni muuguzi akanikemea: "Dada, umepimwa lini?" Sikuwa nimepimwa hata mara moja. Tukaenda kituo cha afya, kipimo kikaonyesha hakuna malaria.

Nilikuwa na miaka 46. Swali lake la pili lilikuwa siku zangu zinakujaje. Nikamwambia zinakuja zinavyotaka: mwezi huu baada ya siku 20, mwezi ujao baada ya siku 50. Akacheka kidogo, akaniambia niketi.

Kukoma kwa hedhi kuna maana yake kwa madaktari. Ni miezi 12 mfululizo bila damu, pasipo sababu nyingine kama mimba au dawa. Kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Lakini mwili hauzimiki siku moja kama taa ya stima. Miaka kadhaa kabla ya hapo mayai huwa yamepungua, na homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpango. Sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto likizidi kidogo tu inaamrisha mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke. Ndiyo ule moto unaoanzia kifuani ukapanda usoni, ukakaa dakika chache, kisha ukakuacha na baridi.

Si moto peke yake. Kuna usingizi unaokatika, hasira zisizo na mwenyewe, kusahau ulichofuata jikoni, viungo kuuma, ukavu unaofanya tendo la ndoa liwe maumivu, na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Hili la ukavu wengi wetu hatulisemi hata kwa dada zetu, na ndilo ambalo halipungui lenyewe kwa miaka.

Nilipomweleza mamangu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Mimi nililala mlangoni miaka mitatu, mwanangu. Tukadhani ni majini, nikasomewa." Hakuna aliyemwambia kitu. Kusomewa Qur'ani ni kheri na mie siikatai, ila angejua pia kwamba mwili wake hauna kasoro, angepumua.

Huchukua muda gani? Utafiti mkubwa wa Marekani, uliowafuata wanawake wa makabila mbalimbali kwa miaka mingi na matokeo haya kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta nusu ya waliosumbuliwa sana na moto huu walikaa nao zaidi ya miaka 7. Kwa wanawake weusi wa huko ilikuwa karibu miaka 10. Kwa hiyo ukiambiwa "vumilia, litapita", uliza litapita lini.

Lakini pia usifanye kosa langu upande wa pili, ukaita kila jasho umri. Jasho la usiku lenye kikohozi cha wiki mbili na kukonda linataka kipimo cha kifua kikuu. Homa lazima ipimwe malaria, na ndiyo maana dozi za kukisia ni hatari: zinakutuliza moyo bila kukutibu. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi nayo huleta joto na moyo kwenda mbio. Na kama unatumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, yenyewe huvuruga damu au kuikata, kwa hiyo huwezi kuhesabu ile miezi 12 ukiwa juu yake. Mimba bado inaweza kuingia katika kipindi hiki. Ushauri wa kitaalamu ni kuendelea kujikinga mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho ukiwa umepita miaka 50, na miaka miwili ukiwa chini yake.

Sasa nije kwenye damu, maana ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Ramadhani ya 2025 ilianguka Machi, mwezi wa jua kali kwetu. Damu ilinijia siku ya tatu, nikafungua. Mimi ada yangu ni siku 6. Zikapita 6, zikapita 10, zikapita 15. Ilipofika siku ya 17 nikaenda kwa mke wa ustadhi, kwa kuwa ustadhi mwenyewe naona haya. Akaniuliza ilianza tarehe ngapi na saa ngapi. Sikujua saa. Akauliza mwezi uliopita je? Nikababaika. Akasema: "Dada, mimi nitakujibu vipi bila hesabu?"

Sisi wa pwani wengi ni wafuasi wa Imamu Shafii, na kwenye madhehebu yake hedhi haizidi siku 15. Damu ikivuka hapo, basi ndani yake kuna istihadha, yaani damu ya ugonjwa. Kwa hali yangu, damu ikiwa ya namna moja mwanzo hadi mwisho, hesabu ilirudi kwenye ada: siku 6 ni hedhi, zilizobaki ni istihadha. Ikanibidi nikoge, nijisafishe na kujifunga vizuri, nitie udhu kila sala ya faradhi wakati wake ukishaingia, na nifunge. Sala nilizoacha baada ya siku ya 6 nikaanza kuzilipa. Mwenzangu ambaye damu yake hubadilika rangi hukumu yake inaweza kuwa nyingine, kwa hiyo usichukue yangu ukaivaa. Chukua daftari, andika tarehe na saa inapoanza na inapokoma, uende nalo.

Hapo ndipo nilipoona tunakosea. Tukishaambiwa ni istihadha tunaridhika. Tunasali, tunafunga, damu inaendelea, na hatuendi hospitali. Istihadha ni hukumu ya sala. Haikuambii kizazi kina nini. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, alipoulizwa na Fatima binti Abi Hubaysh alimjibu kwamba huo ni mshipa. Yaani hata jibu lenyewe liliutaja mwili.

Siku ya 19 nilipanda ngazi nikaona giza. Muuguzi wetu aliponipima, damu ilikuwa pungufu sana. Nikapanda gari mpaka Malindi. Daktari alipouliza hali yangu nikampa daftari lilelile nililomwandikia mke wa ustadhi. Akalisoma ukurasa mmoja, akasema wagonjwa wake wote wangekuja hivi.

Alichonieleza nakiandika kwa faida ya wote. Usingojee ikiwa damu inalowesha pedi ndani ya saa moja au mbili, inatoka na mabonge makubwa, inapita wiki moja kila mwezi, au inakuja kati ya hedhi na hedhi au baada ya tendo la ndoa. Na damu yoyote, hata tone, baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, ni ya kupimwa. Mara nyingi huwa ni homoni tu au uvimbe wa kizazi usio saratani. Lakini saratani ya kizazi na ya mlango wa kizazi nazo huanza kwa dalili hii. Nilipigwa picha ya tumbo, nikapimwa mlango wa kizazi, nikapewa vidonge vya madini ya chuma na vya kupunguza damu.

Kwa joto na usingizi mambo ni tofauti, hapo uamuzi ni wa mwenyewe. Ukiwa umepita miaka 45 na una dalili hizi, huhitaji kipimo cha homoni kuthibitisha. Kiwango hubadilika kila siku, utatoa pesa upewe karatasi isiyosema kitu. Nilianza na vya bure: kupunguza kahawa na pilipili usiku, leso ya pamba kitandani, kutembea asubuhi. Vilisaidia kiasi. Baada ya miezi mitatu bado nilikuwa naamka mara nne kwa usiku na kumfokea mwanangu kwa sababu ya kikombe.

Tiba ya homoni ndiyo inayotuliza joto kuliko dawa nyingine. Wengi tunaiogopa kwa sababu ya habari za mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uliposimamishwa. Ulikuta nyongeza ya wanawake 8 wenye saratani ya matiti kwa kila 10,000 kwa mwaka, pamoja na nyongeza ya kiharusi na damu kuganda. Ni kweli. Ila wastani wa umri wa waliochunguzwa ulikuwa miaka 63. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na hana maradhi ya kumzuia, faida kwa kawaida huzidi madhara. Haifai kwa aliyewahi saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda, mwenye maradhi makali ya ini, wala mwenye damu ambayo haijajulikana sababu. Mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, lazima iandamane na projesteroni. Asiyeweza ana dawa nyingine zisizo za homoni, na ukavu una krimu yake ya kupaka ndani. Habasoda na mitishamba ya kwetu sina ugomvi nayo, ila mtajie daktari unachokunywa.

Baba watoto alinung'unika. Akasema nataka kuzuia alichokipanga Mungu. Nikamuuliza ile miwani aliyovaa alizaliwa nayo? Akaivua, akaifuta, akaivaa tena, na Jumatatu akanipa nauli.

Nikapimwa presha, ikawa juu, tukaishusha kwanza. Homoni nilizianza mwezi wa tatu baada ya hapo. Sasa naamka usiku mara moja, pengine nisiamke. Miadi yangu inayofuata nimeiandika kwenye daftari, chini ya deni la Ramadhani: siku 15, zilizolipwa 11.