Chiriku wa Utosi Mwekundu: Spishi Tatu Zilizogeuka Moja

Kaskazini ya mbali, kuanzia Skandinavia na Siberia hadi Alaska, Kanada na Greenland, anaishi chiriku mwenye doa jekundu utosini na uzito usiofika gramu 20. Wakati wa baridi hutegemea zaidi mbegu za miti ya betula. Huzisomba haraka hadi kifuko cha kooni kijae, kisha hujibanza penye kinga na kuzila taratibu. Usiku wa baridi kali huweza kuchimba theluji akalala humo. Mwaka ambao betula haikuzaa, makundi makubwa hushuka kusini kutafuta chakula.

Mswidi Carl Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758. Mwaka 1776 Mjerumani Philipp Statius Müller akampa jina lake pekee yule mdogo wa Ulaya magharibi, mwenye rangi ya kahawia zaidi. Huyo ndiye walowezi waliyempeleka New Zealand katika karne ya 19, na hadi leo yuko huko. Kisha mwaka 1843 Carl Peter Holbøll, ofisa wa Denmark huko Greenland, akamtenga yule mweupe wa Aktiki na kumpa jina la mtaalamu wa mimea Jens Hornemann.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Wapo chiriku weupe kabisa na wapo wa kahawia kabisa, lakini kati yao wamejaa wengine ambao hata mjuzi aliyewashika mkononi hakuweza kusema ni wa upande gani. Vitabu vikagawa, vikaunganisha, vikagawa tena.

Jibu lilitoka kwenye vinasaba. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani, Nicholas Mason na Scott Taylor, walionyesha kuwa vinasaba vya ndege hawa karibu havitofautiani. Mwaka 2021 utafiti mwingine ulibaini kwamba weupe wa manyoya na umbo la mdomo hufuata kipande kimoja cha kromosomu kilichopinduka, na kwamba ndege wa sura zote mbili huzaliana.

Kwangu mimi, huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Julai 2024 Chama cha Ornitholojia cha Marekani kiliwaunganisha wote watatu kuwa spishi moja, na uamuzi huo ni sahihi.